Majestic ya Vuga: Taarikhi ya Jumba Lililojengwa Mara Mbili

Katika mtaa wa Vuga, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, limesimama jumba la sinema la Majestic, ambalo wengi walipitao kila siku hawana habari kwamba ni la pili kusimama katika kiwanja kile. La kwanza, likiitwa Royal, lilijengwa katika miaka ya 1920 kwa ramani ya J. H. Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtawala na msanifu kwa pamoja, aliyechora pia Beit el Amani, na ambaye aghlabu alipenda kuyapamba majengo yake kwa matao na kuba za namna ya Kiarabu. Moto uliliteketeza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na lilipoinuliwa tena mwaka 1955, msanifu Dayalji Pitamber Sachania hakuyarejesha matao yale, bali alichora uso wa mistari iliyonyooka, kwa mtindo wa Art Deco uliotamba zama zile.

Sura ilibadilika, ada ikabaki. Filamu za Kihindi na za Kimisri ziliwakusanya watu wa kila kabila na kila rika. Sikukuu za Idi ukumbi ulifurika. Na yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mama, binti na jirani walitoka majumbani kwa mabuibui yao, wakacheka na kulia pamoja bila ya haya wala hofu ya kutazamwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya sinema yalitaifishwa. Kisha televisheni ya rangi, iliyoingia Unguja mapema katika miaka ya 1970, na fauka ya hayo kanda za video, zikawafanya watazamaji wabaki nyumbani, na jumba lisilo na mapato halina wa kuliziba paa masika yanapoingia.

Mji Mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo peke yake haizuii mvua. Jumuiya ya Hifadhi Zanzibar imejitwika kazi ya kulifufua Majestic, nayo yastahili kuungwa mkono kwa sharti moja: waliojenga mwaka 1955 waliihifadhi desturi wakaliacha umbo, nasi tusije tukalihifadhi umbo tukaiacha desturi. Pamoja na kuuliza lipu na rangi, na tuulize tiketi itauzwa kwa bei gani, na kama mwanamke wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, ataimudu.