Je, Pombe Kidogo Haiudhuru Ubongo?

Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Tunaulizwa mara kwa mara, hasa na vijana wetu walioko Uingereza, kuhusu kauli wanayoisikia makazini: kwamba gilasi moja ya mvinyo au bia kwa siku haina neno, tena huenda ikauhifadhi ubongo.

Kauli hii haikuzuka hewani. Tafiti nyingi za zamani ziliwaonyesha wanywaji wa kiasi wana afya bora kuliko wasiokunywa. Kasoro ilikuwamo katika hesabu: kundi la wasiokunywa mara nyingi lilichanganywa na watu walioacha kwa sababu ya maradhi. Mgonjwa aliyekatazwa pombe na daktari akitiwa fungu moja na asiyeionja maishani, fungu hilo litaonekana dhaifu tu.

Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa watu 550 wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 30, kisha wakapigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI. Waliokunywa yuniti 14 hadi 21 kwa wiki walionekana kuwa na uwezekano wa takriban mara tatu wa kusinyaa hipokampasi ya upande wa kulia, wakilinganishwa na waliojiepusha. Hipokampasi ndiyo sehemu inayoshughulikia kumbukumbu. Yuniti moja ni gramu 8 za alkoholi, na painti ya bia ya kawaida ina zaidi ya 2. Basi hapa hazungumzwi mlevi wa kugaragara njiani; ni mtu wa painti moja kila jioni. Hata waliokunywa chini ya hapo hawakuonekana kupata kinga yoyote.

Mwaka 2022 utafiti mwingine, wa watu zaidi ya 36,000, ulikuta ujazo wa ubongo ukipungua hata kwa anayekunywa yuniti moja hadi mbili kwa siku. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likatamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba tafiti za kufuatilia watu, peke yake, hazithibitishi kila sababu.

Wala hukumu yetu haikujengwa juu ya MRI. Aya ya 219 ya Suratul-Baqarah yenyewe imekiri kuwa pombe ina manufaa kwa watu, na ikaeleza kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha aya ya 90 ya Al-Maaidah ikaamrisha kuiepuka. 'Illa ya uharamu ni kulevya, na kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake pia ni haramu. Kwa hiyo hata kesho ukitoka utafiti wa kuisifu, hukumu ni ile ile.

Limebaki jambo ambalo familia nyingi hulificha. Anayekunywa sana kila siku, akitubia na kuikata ghafla, anaweza kupatwa na degedege, kuweweseka, hata kufa. Kuacha ni wajibu wake, lakini msimfungie chumbani kwa kuogopa aibu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na mumweleze daktari ukweli wa kiasi anachokunywa, kwani zipo dawa za kumvusha salama.

Wallaahu a'lam.