Ithibati ya modeli: gari la kale na spea zake

Katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, "orijino" ni neno la biashara. Maana yake ni spea iliyotoka kwa mtengenezaji wa gari, na wauzaji hulitumia kwa ukarimu mkubwa kuliko inavyostahili. Neno hilohilo likiingia katika mashindano ya magari ya kale, linapotosha. Mkaguzi wa mashindano hana shida na umri wa kabureta. Anachotaka kujua ni kama kabureta ya aina ile imo katika karatasi za modeli ile.

Karatasi hizo ni zao la homologesheni, istilahi inayotokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukubaliana. Kampuni inayotaka gari lake lishindane hujaza fomu yenye picha, uzito na vipimo: kipenyo cha silinda, uwiano wa gia, aina ya breki. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, likiridhika, fomu hiyo huwa ndiyo sheria ya modeli husika. Kuna sharti jingine pia, nalo ni zito: kampuni ithibitishe kwamba imetengeneza idadi maalumu ya magari yanayofanana. Kuanzia 1976, Kundi la 4, mojawapo ya madaraja ya magari katika rali, lilidai magari 400. Kundi B, lililofuata mwaka 1982, lilidai 200 tu.

Sharti la idadi lilizaa vituko. Mwaka 1962 gari la aina ya Ferrari 250 GTO lilipaswa kutengenezwa mara 100. Yalitoka 36, kwa hoja kwamba lilikuwa toleo lililoboreshwa la 250 GT iliyokwisha kukubaliwa. Mwaka 1969 Porsche ilihitaji magari 25 ya modeli ya 917. Wakaguzi walipofika mara ya kwanza walikuta machache yaliyokamilika na mengine yakiwa vipandevipande, wakakataa. Mwezi Aprili walirudi, wakakuta yote 25 yamepangwa safu moja uani. Ferdinand Piëch, aliyeongoza mradi huo, aliwakaribisha waendeshe lolote watakalo. Hakuna aliyethubutu.

Hapo ndipo uhaba wa spea wa leo ulipoanzia. Kanuni ilipotaka magari 200, kampuni haikuwa na sababu ya kutengeneza la 201, wala ya kuhifadhi kalibu za spea ambazo hakuna atakayezinunua dukani. Baadaye kanuni ileile iliyosababisha spea ziwe chache inamdai mwenye gari azipate zinazolingana na fomu. Nyongeza K, yaani kanuni za FIA za magari ya kale, inagawa magari kwa vipindi na kulitaka kila moja libaki katika muundo wa kipindi chake. Vitu vya usalama, kama mikanda na viti, vina masharti yake ya kisasa, na ndivyo inavyostahili.

Kwa kuwa kinachopimwa ni muundo, si umri, spea mpya inaweza kukubalika. Kinachotakiwa ni umbo, vipimo na aina ya metali vilingane na vya kipindi. Kiwanda kilichokufa si kikwazo, maana fundi anaweza kuchonga au kuyeyusha upya. Porsche yenyewe, ikihudumia modeli ya 959 iliyotengenezwa mara 292 tu, ilitangaza mwaka 2018 kwamba wenzo wa klachi wa gari hilo sasa unachapishwa kwa unga wa chuma unaoyeyushwa kwa leza.

Kinyume chake, spea kuukuu ya kiwanda inaweza kukataliwa. Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, ilizinduliwa ikiwa saluni yenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Pikapu yake, ambayo Wakenya waliijua vyema kwa miaka mingi, ina ekseli ngumu. Ekseli hiyo ni ya Peugeot kweli, orijino kabisa, lakini kama haimo katika fomu ya saluni, haina nafasi.

Upatikanaji wa spea huonekana hata katika matokeo. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari Rally enzi zake. Katika Safari Classic, rali ya magari ya kale iliyoanza mwaka 2003, imeshinda ikiendeshwa na Björn Waldegård mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015. Madereva hao walikuwa mabingwa wa dunia, bila shaka. Lakini Porsche pia bado inauza maelfu ya spea za magari yake ya zamani, na mpinzani wa 911 mwenye gari lisilo na kiwanda nyuma yake anaanza akiwa na upungufu.

Kiswahili kiite jambo hili nini? "Idhini" ni nyepesi, kwani hata kuegesha gari kuna idhini. "Usajili" utachanganywa na namba za gari. "Ithibati" linafaa zaidi: tayari linatumika kwa vyuo vilivyopimwa kwa vigezo na kukubaliwa, nalo hubeba wazo la ushahidi. Litumike kwa ukamilifu, "ithibati ya modeli", kwa sababu kinachothibitishwa ni aina ya gari, si gari moja moja. Hata pasipoti ya kiufundi ya FIA inayopewa gari la kale inasema linalingana na muundo wa kipindi. Haishuhudii historia yake. Waandishi wa michezo watakaoripoti Safari Classic ijayo waandike "ithibati ya modeli", na "orijino" wawaachie wauza spea.