Miaka 78 ya kungoja, saa moja ya kipigo

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali tunayoitoa upesi sana, hasa pale aliyeshindwa ni jirani na sisi ndio tulioshinda. Lakini methali hiyo inamhusu mchezaji. Je, shabiki? Yule aliyenunua tiketi, akavaa jezi, akawapakia watoto kwenye basi alfajiri, naye akubali vipi? Juma hili, msikilizaji, napenda tulitazame swali hilo kwa kisa cha mbali, cha mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona, ingawa maumivu yake tunayafahamu vizuri.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 6 Agosti 2023, katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, Ayalandi. Timu mbili za wanawake zilikutana katika fainali ya ubingwa wa nchi: Cork, wenye jezi nyekundu, na Waterford, wenye nyeupe na bluu. Watu zaidi ya 30,000 walikuwa majukwaani. Baada ya dakika 60, Cork walikuwa na magoli 5 na pointi 13. Waterford walikuwa na pointi 9, bila goli hata moja. Katika mchezo huu goli moja huhesabiwa kuwa pointi 3, kwa hiyo ukijumlisha unapata 28 kwa 9. Nahodha wa Cork, Amy O'Connor, peke yake alifunga magoli 3 na pointi 7, yaani pointi 16. Mtu mmoja aliipita timu nzima.

Mchezo wenyewe unaitwa camogie. Ni aina ya mpira wa magongo, lakini usidhani ni hoki ile unayoijua, ya mpira kutambaa chini. Hapa mpira mdogo mgumu huinuliwa kwa gongo la mti, hudakwa kwa mkono, hukimbizwa ukiwa juu ya ubapa wa gongo, kisha hupigwa ukapaa kama jiwe la kombeo. Ukiingia wavuni chini ya mwamba ni goli. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya milingoti, ni pointi. Wanaume wanao mchezo wa namna hiyo hiyo, uitwao hurling, na Waayalandi huuhesabu kuwa urithi wa mababu.

Chama kikubwa cha michezo hiyo ya asili kiliundwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, wakati Ayalandi ingali chini ya Uingereza. Kilikusudiwa kuwarudishia watu heshima ya mambo yao wenyewe. Lakini heshima hiyo iligawiwa wanaume. Wanawake walisubiri miaka 20, na haikuwa kwamba mtu aliwaletea mchezo mlangoni. Wao wenyewe, wanachama wa jumuiya ya kufufua lugha ya Kiayalandi mjini Dublin, akiwamo Máire Ní Chinnéide, ndio waliotunga kanuni, na mechi ya kwanza ya hadharani ikachezwa katika mji wa Navan mwezi Julai 1904. Walicheza wamevaa sketi ndefu.

Ubingwa wa nchi nzima ulianza mwaka 1932, kaunti kwa kaunti, kugombea kombe lililotolewa na Seán O'Duffy. Dublin walikuwa mabingwa wa kwanza. Baadaye likaja jambo ambalo shabiki yeyote wa timu ndogo atalielewa: kati ya mwaka 1948 na 1966, katika fainali 19, Dublin walilitwaa kombe mara 18. Mara moja tu, mwaka 1956, Antrim waliwapokonya. Hebu fikiria kuwa shabiki wa kaunti nyingine katika miaka hiyo. Kila mwaka unajua mwisho wa hadithi kabla haijaanza, na kila mwaka unakwenda.

Sasa turudi kwa Waterford. Kaunti hiyo iko kusini-mashariki mwa Ayalandi, kwenye mji wa bandari wa kale ulioanzishwa na Waviking. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao 127,000. Cork, jirani zao, walihesabiwa kiasi cha 584,000. Na katika michezo hii timu ya kaunti hainunui wachezaji sokoni. Hakuna mshahara. Anayekichezea kikosi Jumapili, Jumatatu yuko kazini, darasani au wodini. Kaunti inachagua kutoka miongoni mwa binti zake. Mwenye watoto wengi ana wa kuchagua. Mwenye wachache anashona kwa kitambaa alichonacho.

Kabla ya mwaka 2023, mara ya mwisho timu ya wanawake ya Waterford kufika fainali ya juu kabisa ilikuwa mwaka 1945, walipofungwa na Antrim. Miaka 78! Binti aliyeishuhudia fainali ile akiwa na umri wa miaka 10, alikuwa bibi wa miaka 88 ilipokuja nyingine. Katikati hapo timu ilishuka hadi madaraja ya chini, ikaanza kupanda ngazi moja moja. Mwaka 2011 walitwaa ubingwa wa daraja la tatu, mwaka 2015 wa daraja la pili, na ndipo wakarudi kukaa meza moja na wakubwa. Kufika Croke Park hakukuwa bahati nasibu.

Kisha ikaja saa ile moja.

Shabiki wa timu iliyofungwa namna hiyo ana njia kadhaa mbele yake, na nadhani kila mmoja wetu amepata kuzipita zote. Ya kwanza ni kuondoka kabla ya kipenga, kana kwamba ukiwa njiani matokeo yatakuhurumia. Ya pili ni kutafuta mchawi: kocha alipanga vibaya, mwamuzi ana lake, fulani hakustahili namba. Ya tatu ni mzaha. Kuwahi kujicheka mwenyewe kabla jirani hajakucheka, kuiita timu yako kichwa cha mwendawazimu ambacho kila kinyozi anajifunzia. Zote tatu ni za kibinadamu, na sioni haja ya kumtukana mtu kwa sababu ya uchungu wake.

Njia ya nne ndiyo inayonisumbua, kwa sababu inavaa nguo za wema. Ni ile ya kusema: "Si neno, mabinti wamejitahidi, kufika fainali peke yake kunatosha." Maneno hayo yanatuliza jioni ile ile ya kufungwa, lakini yachunguze. Anayeambiwa kwamba kufika kunatosha ameambiwa kwamba yeye ni mgeni pale. Mgeni husifiwa kwa kufika. Mwenyeji huulizwa kwa nini kazi haikwisha.

Tena ipo tofauti nyingine, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikichague kisa hiki. Waterford hiyo hiyo, kwa upande wa wanaume, ilipata msiba mkubwa zaidi mwaka 2008. Walifika fainali ya hurling kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1963, miaka 45, wakakutana na Kilkenny. Kilkenny walifunga magoli 3 na pointi 30. Waterford goli 1 na pointi 13. Hiyo ni 39 kwa 16, tofauti ya pointi 23. Kwa hesabu ya kawaida kile kilikuwa kipigo kikubwa kuliko cha wanawake mwaka 2023, ambacho tofauti yake ilikuwa pointi 19.

Timu ya wanaume inapozidiwa hivyo, watu husema timu imefungwa. Humlaumu kocha, huwalaumu walinzi, hukisifu kizazi cha Kilkenny, na ni kweli kizazi kile kilikuwa cha aina yake. Mchezo wenyewe haufikishwi mahakamani. Lakini mchezo wa wanawake unapoisha kwa tofauti kubwa, mara nyingi huzuka sauti ikiuliza kama mchezo wenyewe una kiwango, kama unastahili uwanja mkubwa, kama televisheni haikupoteza muda. Mwanamume akifungwa, amefungwa yeye. Mwanamke akifungwa, wanafungwa wote waliocheza kabla yake na watakaocheza baada yake. Mzigo huo si wa haki, na shabiki anayejua historia hana budi kuukataa.

Nasema historia kwa makusudi, kwa kuwa mambo haya si ya zamani sana. Hadi mwaka 1999 timu za camogie zilikuwa na wachezaji 12 kila upande, wakati wanaume walikuwa 15, ndipo zikalinganishwa. Kanuni ya kuwalazimisha wachezaji kuvaa sketi yenye kaptula ndani iliendelea hadi mwezi Mei 2025. Mwezi huo wachezaji wa Dublin na Kilkenny waliingia uwanjani kwa ajili ya nusu fainali ya jimbo wamevaa kaptula, wakaambiwa wabadilishe la sivyo mechi haichezwi. Wakabadilisha, wakacheza. Wiki chache baadaye mkutano maalumu wa chama ulipiga kura, na asilimia 98 wakaruhusu kaptula. Timu zilizokuwa zikijaza majukwaa kwa makumi ya maelfu zilihitaji mkutano mkuu ili mchezaji achague vazi la kukimbilia.

Basi shabiki wa Waterford afanye nini? Nadhani jibu liko upande wa pili wa uwanja, kwa wale wale waliomfunga.

Cork hawakuingia Croke Park siku ile wakiwa wametoka kwenye sherehe. Mwaka 2021 walipoteza fainali mbele ya Galway kwa pointi 3. Mwaka 2022 wakapoteza nyingine mbele ya Kilkenny kwa pointi 1. Fainali mbili mfululizo, machozi mara mbili. Cork ni kaunti iliyozoea makombe, na kaunti kama hiyo haimwambii mchezaji wake kwamba kufika kunatosha. Inauliza. Inakasirika. Inalaumu, wakati mwingine kupita kiasi. Na mechi inayofuata inarudi uwanjani. Yale magoli 5 ya mwaka 2023 yalikuwa na deni la miaka miwili ndani yake. Mwaka 2024 walilitetea kombe hilo kwa kuwafunga Galway, ukawa ubingwa wao wa 30. Kisha mwaka 2025 wakashindwa fainali tena na Galway hao hao, kwa pointi 1. Hata mkubwa hulia. Na Dublin, waliolitawala kombe mara 18 katika miaka 19, mara yao ya mwisho kulichukua ilikuwa mwaka 1984.

Wanaume wa Waterford nao, baada ya ule msiba wa mwaka 2008, walirudi fainali mwaka 2017, na tena Desemba 2020 katika uwanja usio na watazamaji kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko. Zote mbili walifungwa. Ubingwa wao wa mwisho ungali ule wa mwaka 1959. Hata hivyo kaunti haijachoka kuwadai, na ni kule kudaiwa kunakowafanya waendelee kuwa timu.

Ipo desturi ya miaka mingi katika kaunti za Ayalandi: timu iliyofika fainali hupokewa nyumbani hata ikirudi mikono mitupu. Watu hutoka, husimama, hupiga makofi. Mgeni anaweza kudhani kwamba wanasherehekea kushindwa. La hasha. Ni sawa na sisi tunavyokwenda msibani: hatuendi kwa sababu tumefurahi, wala hatuendi kumwambia mfiwa kwamba jambo ni dogo. Tunakwenda ili asikae peke yake. Na baada ya matanga, kila mtu anajua, maisha yanadai kazi.

Kazi ya shabiki huanza hapo, siku ya katikati ya juma, kwenye kiwanja cha klabu ya kijiji, mvua inanyesha, hakuna kamera, na wasichana wa miaka 12 wanajifunza kudaka mpira. Kama wako watu kumi pembeni wanaotazama, kile kipigo kina tiba. Kama hakuna hata mmoja, hapo ndipo Waterford watakuwa wameshindwa kweli, na hakuna ubao wa matokeo utakaoliandika.

Mimi nimesoma matokeo redioni kwa miaka mingi. Yule anayefungwa husomwa wa pili, kwa sauti inayoshuka, kisha tunakwenda kwenye hali ya hewa. Huwa nafikiri juu ya mtu aliyekaa karibu na redio yake mahali fulani, ambaye kwake habari ndiyo kwanza imeanza. Huyo nisingependa kumwambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ningemwambia ukasirike, ulie ukitaka, umlaumu kocha kwa adabu. Halafu mechi ya kwanza ya msimu ujao, nenda.