Kiungulia: asidi inayopanda kooni hupimwaje?
Ukiamka usiku mdomo mchachu na sauti inakwaruza, usidhani ni mafua tu. Huenda asidi ya tumbo inapanda kwenye umio, yaani njia ya chakula. Ili kuipima, daktari hupitisha puani mrija mwembamba wenye kihisio, ukakaa humo kwa saa 24. Mgonjwa hurudi nyumbani, hula kama kawaida (hata pweza kwa ndimu, tunaongeza sisi), na huandika saa za kula, kulala na kushikwa na kiungulia. Maji safi yana pH 7. Umioni ikishuka chini ya 4, asidi imepanda. Wengi hawafikishwi huko, huanzishiwa dawa kama omeprazoli. Ila chakula kikikwama, ukikonda bila sababu au ukitapika damu, wahi Hospitali ya Wilaya ya Wete.