Diploma sandukuni, pia ikizunguka

Wengi wetu tunajua maisha haya: diploma iko sandukuni, kazi haionekani. Leo niwapatie historia ya mwanamke aliyepita njia ile ile.

Sofia Kovalevskaya alizaliwa Moscow mwaka 1850. Urusi ya wakati ule haikuruhusu wanawake kusoma iniversite, na kutoka inchi bila ruhusa ya baba ao bwana ilikuwa shida. Akafunga ndoa ya karatasi tu, kusudi apate njia ya Ujerumani. Berlin nayo ikamfungia mlango. Profesa Weierstrass njo akamfundisha pembeni. Mwaka 1874 Göttingen ikampa udaktari. Akarudi kwao, kazi ya chuo hakuna. Ni mwaka 1884 tu njo alianza kufundisha, Stockholm.

Sasa swali lenyewe. Chukua jembe, ao ile pia watoto wanazungusha chini. Ni kitu kisichopindika: ukikirusha, nukta zake hazisogeleani wala haziachani. Kwa hiyo namba 6 zinatosha kusema kiko wapi na kimekaa namna gani: 3 za mahali, 3 za mzunguko. Za mzunguko njo zinasumbua, juu mzunguko wa upande mmoja unabadilisha wa upande mwingine.

Euler aliandika kanuni zake katika karne ya 18. Lakini kuandika kanuni si kuimaliza. Yeye alimaliza hali moja: kitu kilichoshikwa kwenye kitovu cha uzito wake. Lagrange akamaliza ya pili: pia iliyo sawa pande zote, imesimama juu ya ncha. Kisha watu wakakwama.

Mwaka 1888 Akademia ya Sayansi ya Paris ikashindanisha kazi zisizo na majina. Ya Sofia ikashinda: alipata hali ya tatu, ya pia yenye kitovu cha uzito kando. Waamuzi wakapandisha zawadi toka faranga 3000 mpaka 5000. Wataalamu walitafuta ya nne ya namna ile, haiko.

Alifariki 1891, akiwa na miaka 41 tu.

Sisemi diploma peke yake inatosha. Katika ile miaka bila kazi, Sofia aliacha hesabu kwa muda mrefu. Kilichomrudisha ni pia Mittag-Leffler, mwenzake aliyesoma kwa Weierstrass, aliyemkumbuka na kumuita Stockholm.

Wewe uliyekwisha kupata kazi, umeita nani?