Makorongo ya Mlima na Njia ya Kwenda Kilema



Wapendwa wanaparokia, atokaye Mwika kwenda kuhiji Kilema hana safari ndefu, lakini ana makorongo mengi ya kuvuka. Hupita Mamba, hupita Marangu, ndipo afike. Barabara ya leo ina madaraja, nasi tukiwa ndani ya gari hatuoni vema walichokiona babu zetu: mlima uliochanwa na mito iendayo kasi, kila mgongo wa ardhi umetengwa na mwenzake kwa genge na bonde. Juma hili tunapenda kuyatafakari makorongo hayo, kwa maana ndani yake imo historia ya imani yetu, na pia historia ya utengano wetu.

Zamani kila mgongo wa mlima, au migongo michache pamoja, ulikuwa na Mangi wake. Kilema ilikuwa na wake, Marangu wake, Mamba na Mwika vivyo hivyo. Wamangi walipatana na kupigana, walioleana na kunyang'anyana ng'ombe. Korongo lilikuwa mpaka na ngome, na hata lugha ilibadilika kidogo kidogo kadiri mtu alivyovuka mito.

Katika hali hiyo Injili ilifika. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Anglikana, aliuona mlima wenye theluji, akafika Kilema na kupokewa na Mangi Masaki. Hapo tutue kidogo. Kilema, ambayo sisi Wakatoliki huiita chimbuko letu, ilimkaribisha kwanza Mprotestanti.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuja baadaye. Walikuwa wamekwisha kuweka misioni Bagamoyo tangu mwaka 1868. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, walisafiri kutoka pwani hadi Kilimanjaro kutafuta mahali pa kuanzia. Mangi Fumba wa Kilema aliwapokea, na mwaka 1891 misioni ikaanza. Padre Le Roy baadaye akawa askofu huko Gabon, kisha mkuu wa shirika lake lote tangu 1896 hadi 1926.

Haikuwa miaka ya amani. Mwaka huohuo wa 1891 majeshi ya Wajerumani yalimshambulia Mangi Sina wa Kibosho. Mwaka 1892 watu wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda Wajerumani, na mwaka 1893 wakashindwa wao. Waanglikana, waliokuwa Moshi tangu 1885, walilazimika kuondoka. Nafasi yao ikachukuliwa na Walutheri wa Leipzig, walioanza Machame mwaka 1893, wakaja Mamba 1894, na Moshi 1896. Nao mapadre wetu wakafungua Kibosho mwaka 1893 na Rombo mwaka 1898.

Tukiitazama miaka hiyo kwa utulivu, tunaona jambo ambalo halisemwi sana. Wazee wetu wengi hawakukaa chini kupima mafundisho ya Roma na ya Wittenberg, kisha wakachagua. Mangi alimpokea mmisionari fulani, mmisionari akajenga shule, watoto wa mgongo ule wakaenda shule ile, wakabatizwa huko. Ng'ambo ya korongo alipokewa mwingine. Hivyo mpaka wa utawala ukawa mpaka wa madhehebu. Mwenyezi Mungu aliitumia njia hiyo, kama alivyozitumia njia nyingi za wanadamu zisizonyooka, nasi tunamshukuru. Lakini anayejigamba kwamba ukoo wake ulichagua vizuri kuliko ukoo wa jirani, na akumbuke kwamba mara nyingi kilichotofautisha koo hizo ni mto.

Gharama ya mipaka hiyo tunaijua sisi wa Mwika. Kwetu kipo Chuo cha Biblia cha Walutheri, zipo parokia za Kikatoliki, na ndani ya boma moja wamo wa huku na wa kule. Tunajua vijana waliopendana, wazazi wakakataa ndoa kwa sababu ya kanisa. Tunajua ndugu waliogombana mbele ya maiti ya baba yao kuhusu nani aongoze ibada ya maziko. Korongo limejengewa daraja, lakini lingine limebaki moyoni.

Hata hivyo mlima wenyewe umetufundisha mengine. Mibuni iliyopandwa katika misioni ya Kilema katika miaka ya 1890 haikuishia mikononi mwa Wakatoliki. Kahawa ilivuka mito, ikaingia vihamba vyote, na mwaka 1933 wakulima wa pande zote walikuwa katika chama kimoja kikuu cha ushirika, KNCU. Waliweza kupima kahawa pamoja kabla ya kuweza kusali pamoja. Kanisa nalo limepiga hatua. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, na mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko alisali na viongozi wa Walutheri huko Lund, Sweden.

Hatusemi kwamba tofauti zilizobaki ni ndogo. Bado hatushiriki meza moja ya Ekaristi, na maumivu hayo ni halali tuyasikie. Tunachosema ni kwamba historia haituruhusu kudharauliana.

Mababu walitumia isale kuonyesha mpaka wa kihamba. Isale hilohilo, mtu aliyemkosea mwenzake alilichukua mkononi kwenda kuomba msamaha, na aliyepelekewa aliona vigumu mno kukataa. Mmea mmoja ulitenganisha mashamba na kupatanisha watu. Wazee hawakuona ajabu, kwa kuwa walijua mpaka si uadui.

Basi, wapendwa, tunapokwenda Kilema kuhiji, tuhesabu makorongo njiani, na kwa kila moja tumtaje mbele ya Mungu ndugu mmoja wa dhehebu jingine ambaye hatusemi naye. Na tukirudi, tumpelekee isale: salamu, ziara, au neno la kuomba radhi. Wanaotuzika na kutuoza ni walewale, wa pande zote mbili za mto.

Bikira Maria, Mama wa Kanisa, utuombee.