Kutoka Gari Hadi Ndege: Somo la Willow Run

Desemba 1940, Walter Reuther wa chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani alitoa pendekezo: viwanda vya magari vitengeneze ndege za kivita 500 kwa siku. Reuther mwenyewe alikuwa fundi wa kuchonga kalibu, na hoja yake ilikuwa ya kifundi. Mashine nyingi zililala bila kazi, na waliojua kuzitumia walikuwepo. Kampuni zilikataa. Februari 1942, Marekani ikiwa tayari vitani, utengenezaji wa magari ya kiraia ulisimamishwa. Likabaki swali: je, anayejua gari anaweza kujua ndege?

Jibu lilitafutwa Willow Run, karibu na Ypsilanti, Michigan. Januari 1941 Charles Sorensen wa Ford alikwenda San Diego kuona kampuni ya Consolidated ikiunda B-24. Alikuta ndege zikiunganishwa moja moja, kila kipande kikirekebishwa mpaka kikae. Kwa maelezo yake mwenyewe, usiku uleule alichora kiwanda cha kuzitoa kwa mfululizo kama magari.

Lakini ndege ilikuwa na tabia zake. Mafundi wa Ford walizoea kalibu ngumu za chuma, zinazogonga umbo lilelile maelfu ya mara. Waunda ndege walitumia kalibu laini, kwa sababu jeshi lilibadilisha michoro kila mara. Mchoro ukibadilika, kalibu ya chuma iliyochongwa kwa taabu hubaki chuma chakavu. Tena B-24 moja ilikuwa na ribiti zaidi ya 300,000. Mwaka 1942 uliisha kwa ndege chache, na watu wakaanza kuulizana kwa dhihaka kama kiwanda hicho kitaenda kweli.

Mafunzo yalikuwa ya aina mbili. Fundi mzoefu alitakiwa kuhamisha ujuzi wote alionao, na kuacha baadhi ya mazoea yake. Mgeni, mara nyingi mwanamke au mhamiaji kutoka Kentucky na Tennessee, alifundishwa kazi moja ndogo: kupiga ribiti mahali pamoja, siku nzima. Na si kila mgeni alikaribishwa. Baada ya A. Philip Randolph kutishia kuandamana hadi Washington, amri ya rais ya Juni 1941 ilikataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi. Hata hivyo, Willow Run iliajiri wanawake Weusi wachache mno.

Mwaka 1944 kiwanda kilifikia ndege moja kwa saa. Jumla zilitoka 8,685. Juni 1945 ya mwisho ikatoka, na milango ikafungwa. Mchonga kalibu angeweza kurudi kwenye magari, kwa kuwa ufundi wake ulikuwa mzima. Mpiga ribiti aliondoka na kipande tu cha ufundi, ambacho nje ya kiwanda kile hakikuwa na mnunuzi.

Mwaka 2024 nchini Ujerumani, Rheinmetall ilikubaliana na Continental kuwapa kazi hadi wafanyakazi 100 wa kiwanda cha Gifhorn kilichokuwa kinafungwa. Mipango kama hiyo husifiwa kwa idadi ya nafasi za kazi. Historia ya Willow Run inatutaka tuulize pia: atakayefundishwa upya atapewa ufundi mzima, au kipande chake?